Wajapani Walitoka Wapi? Mifupa ya Kale na Jibu Linaloendelea Kubadilika

Mtu wa Okinawa, kusini kabisa mwa Japani, amebeba kwa wastani asilimia 28.5 ya urithi wa watu wa kale waitwao Jomon. Mwenzake wa magharibi mwa nchi ana asilimia 13.4. Takwimu hizi zilichapishwa mwaka 2024 na watafiti wa taasisi ya RIKEN, baada ya kusoma jenomu kamili, yaani vinasaba vyote, za Wajapani 3,256 walio hai. Pasipoti yao ni moja na shuleni wanafundishwa lugha moja, lakini vinasaba vyao vinasimulia njia tofauti za kufika hapo walipo.

Kwa muda mrefu Japani ilijieleza, kwa raia wake na kwa wageni, kuwa taifa la watu wa asili moja. Wanasayansi waliacha kuamini hivyo zamani. Wanachobishania ni kitu kingine: asili hizo ni ngapi, zilikutana lini, na zilikutana wapi. Katika miaka kumi hivi iliyopita, mifupa iliyochimbwa kwenye majaa ya makome, mapangoni na kwenye makaburi ya ufukweni imeubadilisha mjadala huo zaidi ya ilivyowezekana katika karne nzima ya kupima mafuvu.

Tuanze na wenyewe. Watu wa Jomon waliishi visiwani humo tangu takriban miaka 16,000 iliyopita hadi karibu miaka 3,000 iliyopita. Vyungu vyao ni miongoni mwa vya kale zaidi duniani, na vipande vilivyopatikana Odai Yamamoto, mkoani Aomori, vinatoka mwanzoni kabisa mwa kipindi hicho. Walifinyanga vyungu bila kuwa wakulima wa nafaka. Waliwinda nguruwe mwitu na kulungu, wakavua, wakaokota njugu za msituni na kuzihifadhi, na wengi wao walikaa vijijini badala ya kuhamahama. Mlango wa kuwajua kisayansi ulifunguliwa mwaka 1877, pale Mmarekani Edward Morse alipochimba jaa la kale la makome huko Omori, Tokyo, akakuta vyungu vyenye alama za kamba zilizobonyezwa kwenye udongo kabla haujakauka.

Kisha, kati ya karne ya 10 na ya 9 KK, kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu, upande ule unaotazamana na Korea, yakaanza kuonekana majaruba ya mpunga. Kwenye maeneo kama Itazuke na Nabatake wanaakiolojia wamekuta matuta, mifereji ya maji na visu vya mawe vya kuvunia vinavyofanana na vya Rasi ya Korea. Baadaye zikaja bronzi na chuma. Kipindi hicho ndicho Yayoi, nacho kilikwenda hadi karne ya 3 BK. Kikafuata Kofun, enzi ya makaburi ya vilima yenye umbo la tundu la ufunguo. Kubwa kuliko yote, lile la Daisen katika mji wa Sakai, urefu wake unakaribia nusu kilomita. Katika enzi hiyo ndipo dola ya Japani ilipoanza kushika sura.

Mpunga ulivuka bahari, hilo halina ubishi. Ila mbegu na ujuzi vinaweza kusafiri bila watu wengi: jirani anamwona jirani, anaiga, na baada ya vizazi vichache nchi nzima inalima. Au wageni wanaweza kuja kwa wingi na kuwameza wenyeji. Ukitazama jembe na chungu peke yake huwezi kujua ni lipi lililotokea.

Mwaka 1991 mwanaanthropolojia Kazuro Hanihara alitoa jibu lililotawala vitabu kwa miaka mingi, likijulikana kama nadharia ya tabaka mbili. Alitumia mafuvu na meno. Watu wa Jomon walikuwa na nyuso fupi na pana, zenye mabonde na vilima: paji lililojitokeza, kitako cha pua kilichozama. Mifupa ya Yayoi kutoka Doigahama, kwenye pwani ya mkoa wa Yamaguchi, ilikuwa na sura nyingine kabisa. Ilikuwa ya watu warefu zaidi, wenye nyuso ndefu na bapa. Hanihara alisema tabaka la kwanza lilitoka kusini-mashariki mwa Asia zamani za barafu, la pili likaja kutoka kaskazini mwa bara na mpunga wake. Yakachanganyika sana katikati ya nchi, na kidogo pembezoni. Ndiyo maana, alisema, Waainu wa Hokkaido kaskazini na watu wa visiwa vya Ryukyu kusini, ikiwemo Okinawa, ingawa wako mbali mbali, wanafanana katika mambo kadhaa: wote walibaki na sehemu kubwa zaidi ya tabaka la kwanza.

Ni nadharia nzuri. Inaeleza mengi kwa maneno machache, na zile asilimia za Okinawa na magharibi zinaiunga mkono waziwazi. Vinasaba vya kale viliithibitisha nusu yake, na nusu nyingine vikaivuruga.

Udongo unaokula mifupa

Kabla ya kufika huko, ni lazima kueleza kwa nini ushahidi wenyewe ni haba. Japani ni nchi ya volkano. Udongo wake umejaa majivu ya volkano na una asidi nyingi, na asidi huyeyusha mfupa. Kaburi la miaka 3,000 likifunguliwa mara nyingi hukutwa vyungu, shanga na vifaa vya mawe, lakini marehemu mwenyewe hayupo tena.

Watu wa Jomon bila kukusudia walituachia tiba. Walikula chaza na kome kwa karne na karne, na maganda wakayatupa mahali pamoja hadi yakawa vilima. Mara nyingine waliwazika wafu wao humo humo. Maganda hayo ni chokaa tupu. Mvua ikipita ndani yake huiyeyusha kidogo, asidi ya udongo hupoozwa, na mifupa hubaki. Doigahama nayo iliokolewa kwa namna hiyohiyo: ni matuta ya mchanga wa pwani uliochanganyika na chembe za makome, na tangu uchimbaji ulipoanza rasmi mwaka 1953 imetoa mifupa ya watu wapatao 300. Mapango ya mawe ya chokaa ni hifadhi nyingine. Huko Ishigaki, katika visiwa vya kusini, mifupa yenye umri wa hadi miaka 27,000 hivi ilipatikana kwenye pango la Shiraho Saonetabaru wakati wa kujenga uwanja mpya wa ndege.

Matokeo yake ni kwamba picha yetu ya Jomon imeegemea upande mmoja. Tunawajua watu wa pwani waliokula makome kuliko ndugu zao wa milimani ambao mifupa yao imeliwa na udongo. Kila ukisoma kichwa cha habari kinachosema "Wajomon walikuwa hivi", ni vyema kukumbuka ni Wajomon wepi waliobahatika kubaki.

Na mfupa kubaki si sawa na vinasaba kubaki. Mtu akifa, nyuzi za DNA huanza kukatika. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo, na kiangazi cha Japani kina vyote viwili. Baada ya miaka elfu kadhaa vinabaki vipande vifupi mno, vimezungukwa na vinasaba vya bakteria walioingia kaburini. Katika sampuli nyingi sehemu iliyo ya marehemu mwenyewe haifiki hata asilimia moja. Sehemu mbili za mwili ndizo zinazotegemewa: gego, kwa kuwa limefunikwa na tabaka gumu la enameli, na ule mfupa mgumu unaolinda sikio la ndani, ambao ndio mfupa ulioshikamana zaidi kuliko yote mwilini. Mtafiti huvaa mavazi ya kumfunika mwili mzima, si kwa ajili ya usalama wake bali wa marehemu, maana chembe moja ya ngozi ya aliye hai ina DNA nzima nzima inayoweza kufunika sauti hafifu ya aliyekufa.

Wanajuaje basi kwamba walichosoma ni cha kale? Uharibifu wenyewe ndio shahidi. DNA inapozeeka, mojawapo ya herufi zake nne za kikemia, ile ya C, huchakaa na kusomeka kama T, hasa kwenye ncha za vipande. Vinasaba vipya havina alama hiyo. Sampuli isiyo na uchakavu wa ncha hutiliwa shaka mara moja, hata kama imesomeka vizuri. Bila shahidi huyo, ninaamini, nusu ya habari tulizonazo zisingestahili kuaminiwa.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Mwaka 1989 kundi la Satoshi Horai lilifaulu kusoma kipande cha DNA ya mitokondria, ile inayorithiwa kwa mama peke yake, kutoka kwenye mifupa ya kale ya Japani. Jenomu ya kiini cha seli, yaani urithi wa pande zote, ilisubiri hadi mwaka 2016, kwa meno ya watu wa Jomon waliozikwa katika jaa la makome la Sanganji, mkoani Fukushima. Walisoma sehemu ndogo tu, lakini ikatosha kuonyesha kwamba Wajomon walikuwa mbali sana na jamii za leo za Asia Mashariki.

Mwanamke wa Rebun

Kisiwa cha Rebun kiko kwenye ncha ya kaskazini ya Japani, ng'ambo ya Hokkaido. Mwaka 1998 wanaakiolojia walichimba makaburi ya Funadomari, kijiji cha wavuvi na wawindaji wa wanyama wa bahari waliotengeneza shanga za makome. Mmoja wa waliozikwa pale, mwanamke aliyepewa alama F23, aliishi takriban miaka 3,800 hadi 3,500 iliyopita. Baridi ya kaskazini ilikuwa imemhifadhi. Gego lake lilitoa vinasaba vingi kiasi kwamba kila sehemu ya jenomu yake ilisomwa kwa wastani wa mara 48, ubora unaolingana na wa vipimo vya mtu aliye hai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 na kundi lililomhusisha Kenichi Shinoda wa Makumbusho ya Taifa ya Maumbile na Sayansi, Tokyo.

Ukifika kiwango hicho cha usomaji unaacha kuzungumzia makundi na kuanza kumzungumzia mtu. F23 alikuwa na badiliko kwenye jeni ya CPT1A, linalohusiana na jinsi mwili unavyotumia mafuta. Badiliko hilo ni la kawaida kwa watu wa Aktiki wanaokula nyama ya sili na samaki, na halionekani kwa wengine. Nta ya masikio yake ilikuwa ya majimaji, kama ilivyo kwa Waafrika wengi, wakati Wajapani wengi wa leo wana nta kavu. Na hakuwa na lile badiliko linalofanya uso uwe mwekundu na moyo kwenda mbio baada ya pombe kidogo, ambalo leo linawapata karibu Wajapani wanne kati ya kumi. Nta kavu na uso mwekundu, kwa dalili zote, ni vitu vilivyovuka bahari baadaye, mwilini mwa waliokuja na mpunga.

Mifupa mingine ya Jomon ilifuata. Mwanamke wa Ikawazu, mkoani Aichi, wa miaka 2,500 hivi iliyopita. Mtu wa pango la Kamikuroiwa, kisiwani Shikoku, wa karibu miaka 9,000 iliyopita. Ajabu ni kwamba hawa wote, wanaotenganishwa na mamia ya kilomita na milenia kadhaa, wanafanana wao kwa wao kuliko wanavyofanana na mtu yeyote wa bara. Hapa ndipo Hanihara alipokosea. Wajomon hawakuwa Waasia wa kusini-mashariki waliopanda kaskazini tu. Walikuwa tawi lao wenyewe, lililoachana na shina la Asia Mashariki mapema. Utafiti mmoja wa mwaka 2021 unakadiria kati ya miaka 20,000 na 15,000 iliyopita, na hesabu nyingine zinarudi nyuma zaidi. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda zaidi ya mita 100, visiwa vikatengana na bara, na watu wakabaki humo. Utafiti huo huo unaonyesha kwamba kwa maelfu ya miaka walikuwa jamii ndogo mno, yenye wazazi wapatao 1,000 tu kwa hesabu ya kijenetiki. Idadi halisi ya watu ingeweza kuwa kubwa zaidi ya hapo. Hesabu hiyo inapima jinsi mstari wa urithi ulivyokuwa mwembamba.

Mifupa ya nani?

Ukimtaja F23 huwezi kuwaruka Waainu, wenyeji wa Hokkaido, ambao ndio warithi wakubwa wa Wajomon waliobaki. Kwa makadirio ya utafiti wa F23, theluthi mbili hivi ya vinasaba vyao ni vya Jomon. Sehemu nyingine ilitoka kwa watu wa utamaduni wa Okhotsk, wawindaji wa baharini walioshuka kutoka kisiwa cha Sakhalin katika milenia ya kwanza BK. Mwanamke mmoja wa Okhotsk, aliyezikwa palepale Rebun, jenomu yake ilisomwa mwaka 2021 na kuuthibitisha mchanganyiko huo.

Lakini sayansi ya asili za watu ina deni kubwa kwa Waainu. Kuanzia karne ya 19 hadi ya 20, watafiti wa vyuo vikuu walichimba makaburi yao, mara nyingi bila idhini ya familia, wakabeba zaidi ya mifupa elfu moja ya watu kwenda kuipima. Wengine waliochukuliwa walikuwa wamezikwa karibuni tu, wana wajukuu walio hai. Ilihitaji kesi mahakamani ndipo Chuo Kikuu cha Hokkaido kikaanza kurudisha mifupa ya kwanza kwa jamii ya Urakawa mwaka 2016. Sheria iliyowatambua Waainu kuwa watu wa asili ilipitishwa mwaka 2019. Mwaka uliofuata kituo cha taifa cha Upopoy kilifunguliwa huko Shiraoi, na mabaki ya watu zaidi ya elfu moja yakawekwa katika jengo la kumbukumbu hapo. Wapo Waainu wanaosema hilo halitoshi, kwamba mifupa irudi kwenye udongo ilikotolewa. Nawaunga mkono. Gego linalotobolewa maabara lilikuwa la mtu aliyezikwa na watu wake, na wajukuu wake wana haki ya kuulizwa kabla, siyo kuarifiwa baada.

Kuna jambo jingine linalochanganya wasomaji. Karibu theluthi moja ya wanaume wa Japani wana kromosomu Y ya kundi D, iliyotoka kwa Wajomon. Mtu husikia hivyo akahitimisha kwamba theluthi moja ya damu ya Wajapani ni ya Jomon, kumbe jenomu nzima inasema asilimia 13 au zaidi kidogo. Vyote viwili ni kweli. Kromosomu Y hupita kwa baba peke yake, na mitokondria kwa mama peke yake. Ukirudi vizazi kumi nyuma una nafasi za mababu na mabibi 1,024, na kila moja ya njia hizo mbili inamwakilisha mmoja tu. Mstari mmoja unaweza kuneemeka kwa bahati, au kwa sababu ukoo fulani ulishika madaraka, huku ile mingine yote ikisimulia habari nyingine. Huko Aoya-Kamijichi, mkoani Tottori, yalipatikana mabaki ya watu zaidi ya mia moja wa karne ya 2 BK, matatu kati ya mafuvu yakiwa bado na mabaki ya ubongo. Karibu mistari yote ya kimama iliyosomwa pale ni ya bara, na inatofautiana sana, kana kwamba watu walikuwa wamekusanyika kutoka kila upande. Ukisoma mstari wa kimama peke yake utasema Jomon hawakuwapo.

Wasomaji wa pwani yetu wanaijua hali hiyo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya Waswahili kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, kazi aliyoshiriki Profesa Chapurukha Kusimba. Upande wa kike ulionyesha Afrika kwa wingi, na upande wa kiume ukaonyesha Uajemi. Mjadala uliofuata mitandaoni ulikuwa wa kuchagua mstari mmoja na kuutupa mwingine. Japani nako wapo wanaochagua hivyo, na kosa ni lilelile.

Mbili au tatu?

Ule utafiti wa mwaka 2021 uliokadiria lini Wajomon waliachana na shina la Asia Mashariki, wa kundi la Niall Cooke na Shigeki Nakagome wa Trinity College, Dublin, pamoja na wenzao wa Japani, ulitoka katika jarida la Science Advances. Walisoma jenomu mpya 12 za kale, zikiwemo za watu watatu wa enzi ya Kofun kutoka Iwade, Kanazawa, wa karibu miaka 1,400 iliyopita. Waliwalinganisha na watu wawili wa enzi ya Yayoi kutoka pango la Shimomotoyama, mkoani Nagasaki, wa miaka 2,000 hivi iliyopita.

Wale wa Shimomotoyama walikuwa na takriban asilimia 60 ya urithi wa Jomon, na kilichobaki kilifanana na watu wa kale wa kaskazini-mashariki mwa Asia, wa bonde la mto Liao nchini China. Wale wa Kofun walikuwa na kitu cha tatu, na kwa wingi: urithi wa Asia Mashariki unaofanana na wa Wachina wa Han, kabila kubwa kuliko yote China. Na sura yao ya kijenetiki tayari ilikuwa ile ya Wajapani wa leo. Wakahitimisha kwamba tabaka si mbili. Ni tatu: Jomon kwanza, wageni wa Yayoi wakaja na mpunga, kisha wageni wengine wakaja enzi ya Kofun na kuunda dola. Habari ikazunguka dunia.

Mwaka 2024 kundi la Chuo Kikuu cha Tokyo, akiwemo Jonghyun Kim na Jun Ohashi, likarudi Doigahama, kwenye ule mchanga wa makome. Mtu mmoja wa Yayoi, wa karibu miaka 2,300 iliyopita, jenomu yake ilisomwa. Alikuwa na vitu vyote vitatu: Jomon, kaskazini-mashariki, na mashariki. Yaani kile cha tatu, kinachodaiwa kuletwa na wageni wa Kofun, kilikuwa mwilini mwake karne kadhaa kabla Kofun haijaanza. Na mchanganyiko ulioeleza vinasaba vyake vizuri zaidi ulikuwa mfupi: watu kama Wakorea, kuongeza Wajomon. Hapo tena tumebaki na mbili.

Ni vipi vikundi viwili makini vinafika pande mbili? Ufunguo uko katika namna asilimia hizi zinavyopatikana. Hakuna kipimo kinachosoma "Jomon" au "Han" moja kwa moja kwenye mfupa. Mtafiti huchagua watu wa kulinganisha nao, walio hai au wa kale, kisha huuliza ni mchanganyiko gani wa hao unaoweza kumtoa huyu anayemchunguza. Ukiweka mezani bonde la Liao na Han, utapata Liao na Han. Ukiweka Wakorea, ambao wao wenyewe walishachanganya pande hizo mbili zamani, mmoja anatosha. Hesabu zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Tofauti iliyobaki ni ya kihistoria, na ndiyo yenye uzito: je, mashariki na kaskazini-mashariki vilichanganyikana kwenye Rasi ya Korea, wakavuka watu wa aina moja, au vilivuka mbali mbali na kukutana visiwani?

Kwa maoni yangu mizani imelalia upande wa Korea, kwa sababu mbili. Kwanza, Shimomotoyama iko kaskazini-magharibi mwa Kyushu, eneo ambalo wapima mafuvu walishajua zamani kwamba watu wake wa Yayoi walibaki na sura ya Jomon. Kuwatumia hao wawili kuwakilisha Yayoi nzima ni kuwauliza watu wa pembezoni habari za mjini. Shinoda na wenzake walikuwa wameshasoma mwanamke mwingine wa Yayoi, wa Antokudai karibu na Fukuoka, naye akaangukia karibu kabisa na Wajapani wa leo. Kwa hiyo enzi moja ilikuwa na watu wa namna mbili wakiishi jirani, na jibu lako lilitegemea ni kaburi lipi ulilofungua.

Pili, mifupa ya Korea yenyewe. Utafiti ulioongozwa na Martine Robbeets, uliotoka mwaka 2021, ulionyesha urithi wa Jomon kwa watu wa kale wa visiwa vya kusini mwa Korea, wa maelfu ya miaka kabla ya mpunga kuvuka. Na mwaka 2022 zikasomwa jenomu nane za enzi ya dola tatu za Korea kutoka Gimhae, mji wa ufalme wa Gaya. Baadhi yao walikuwa na urithi wa Jomon zaidi ya wenzao. Mlango wa bahari wa Tsushima, kati ya Korea na Japani, haukuwa ukuta uliovukwa mara moja au mbili kwa tarehe maalumu. Watu walikwenda na kurudi, wakaoa na kuolewa. Tukiweka hivyo, "mawimbi" mawili au matatu yanaanza kuonekana kama namna yetu ya kukata vipande kitu kilichotiririka.

Hilo haliondoi uhamiaji wa enzi ya Kofun. Kumbukumbu zilizoandikwa za Japani zinataja mafundi, waandishi na koo zilizotoka Korea na China na kupewa vyeo, na sioni sababu ya kudhani hawakuacha watoto. Swali ni wingi wao: walibadili vinasaba vya nchi, au walibadili utawala wake na kuongeza tone?

Mifupa itakayoamua inajulikana ni ipi. Inahitajika ya vizazi vya kwanza vya wakulima wa mpunga kaskazini mwa Kyushu, kati ya karne ya 10 na ya 5 KK, na ya wakulima wa Korea wa wakati huohuo. Ya kwanza ni adimu kwa sababu ya asidi. Ya pili ni adimu kwa sababu hiyohiyo, kwani udongo wa Korea umetokana kwa kiasi kikubwa na mawe ya matale na nao hula mifupa, kiasi kwamba jenomu za huko za enzi ya bronzi ni za kuhesabu kwa vidole. Upande wa Kofun kikwazo ni kingine: makaburi makubwa yanayohesabiwa kuwa ya wafalme, likiwemo la Daisen, yako chini ya Idara ya Nyumba ya Kifalme, ambayo hairuhusu kuyafungua. Mjadala mzima wa Kofun umejengwa juu ya watu kama wale watatu wa Iwade, ambao hawakuzikwa chini ya kilima chochote.